Kisiagi huharibikia kwenye msingi kabla ya gunia la kwanza

BIASHARA ya kisiagi ni miongoni mwa zile ambazo wengi mashambani huzikimbilia wapatapo malipo ya uzeeni, au kikundi cha kina mama kinapoamua kuweka akiba ya miaka mingi mahali pamoja. Ugali huliwa kila siku, na mteja mwenye gorogoro mbili za mahindi hakosekani. Hata hivyo, kuna visiagi ambavyo huzimika kabla hata mwaka haujaisha, mikanda ikikatika kila mara, beringi zikiungua na ukuta ukipasuka nyufa. Lawama huelekezwa kwa mashine au kwa aliyeiuza, ilhali huenda kasoro ilianza siku iliposimikwa.

Ili kuielewa kasoro hiyo, ni muhimu kufahamu jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Kisiagi cha nyundo hakisagi kwa mawe kama vile vya jadi. Ndani ya kasha la chuma mna rota inayobeba safu za nyundo, yaani vipande bapa vya chuma kigumu vinavyoning’inia kwenye pini. Rota inapozunguka, nyundo hizo hunyooka na kuzipasua punje hadi ziwe ndogo kiasi cha kupenya matundu ya chujio. Chujio lenye matundu ya milimita moja hivi hutoa unga wa ugali, ilhali lile la milimita tatu na zaidi hutumiwa kusaga chakula cha mifugo.

Kasi ya nyundo hizo si ya mchezo. Rota yenye kipenyo cha sentimita 50 ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, ncha za nyundo husafiri kwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Chuma kinachokwenda mbio kiasi hicho hakisamehe bolti iliyolegea wala mhimili uliopinda.

Ndiyo maana kazi huanza ardhini. Kisiagi na injini yake huhitaji msingi wa zege wenye uzito unaozidi ule wa mashine mara kadhaa, ili mtetemo umezwe na zege badala ya kurudi kwenye beringi. Mahali penye udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kama ule wa Mwea na nyanda za Kano, sharti udongo huo uchimbwe na kuondolewa, kisha mawe na changarawe zishindiliwe kabla ya zege kumwagwa. Bolti za kushikilia mashine hupandwa ndani ya zege likiwa bado bichi, zikiwa zimepimwa kwa kielelezo cha mbao chenye matundu yanayolingana na ya mashine.

Hapa ndipo haraka huponza wengi. Zege huhitaji kumwagiliwa maji kwa muda usiopungua siku saba, na hufikia nguvu yake kamili baada ya siku 28 hivi. Mwenye mtambo anayetaka kuanza kuingiza pesa siku ya tatu hufunga mashine juu ya zege ambalo bado ni changa. Bolti hulegea, mashine huanza kucheza, na kila kinachofuata huwa ni kutia viraka.

Zege likishakomaa, mashine huwekwa sawa kwa pimamaji, halafu puli ya injini na ya kisiagi hupangwa katika mstari mmoja. Njia rahisi ni kuvuta uzi ulionyooka kwenye nyuso za puli zote mbili. Iwapo puli hizo zina upana sawa, uzi huo hauna budi kugusa kingo zote nne kwa wakati mmoja. Ukiacha mwanya mahali, mkanda utaliwa upande mmoja na kukatika mapema. Kuhusu kukaza, mkanda ukibonyezwa kwa kidole katikati hufaa uingie ndani kama sentimita moja na nusu kwa kila mita iliyo kati ya puli. Mkanda mpya hunyooka baada ya saa chache za kazi, kwa hivyo ni lazima ukazwe tena.

Ukubwa wa puli nao si jambo la kubahatisha. Mizunguko ya mota huzidishwa kwa kipenyo cha puli yake, kisha jawabu hugawanywa kwa kipenyo cha puli ya kisiagi. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli ya milimita 250, ikivuta puli ya milimita 125, itaizungusha rota mara 2,900. Fundi akifunga puli ya milimita 100 kwa sababu ndiyo aliyoipata dukani, kasi itapanda hadi 3,625, na nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini itaongezeka kwa zaidi ya nusu. Sharti kasi isipite ile iliyoandikwa na mtengenezaji.

Vile vile, nyundo hupangwa kwa uzani. Zile zinazokabiliana pande mbili za rota zinapaswa kuwa na uzito sawa. Kwa sababu hiyo, nyundo zikiisha makali hubadilishwa zote kwa pamoja. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kualika mtetemo.

Kwa wanaotumia umeme wa fezi tatu, mota hujaribiwa kwanza bila mkanda ili kuthibitisha inakozunguka. Ikizunguka kinyume, fundi aliyehitimu hukata umeme na kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu. Waya wa kuelekeza umeme ardhini haupaswi kusahauliwa. Kwa wanaotumia dizeli, bomba la moshi lazima litokeze nje ya jengo, kwa maana gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua.

Kabla ya kuwashwa, rota huzungushwa kwa mkono kuhakikisha hakuna nyundo inayogusa chujio, wala spana iliyosahaulika ndani. Kisha mtambo huendeshwa mtupu kwa nusu saa au zaidi. Baada ya kuuzima na rota kusimama kabisa, beringi huguswa. Ikiwa kiganja hakiwezi kustahimili joto hilo kwa sekunde chache, ipo kasoro katika grisi, mkanda au mpangilio wa puli.

Mahindi ya kwanza hayaliwi. Kilo chache husagwa ili kusafisha mafuta na chembe za chuma zilizobaki kiwandani, na unga huo hutupwa. Baadaye nafaka huongezwa polepole huku mita ya umeme ikitazamwa, ili mota isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati chake. Sumaku iwekwe mahali mahindi yanapoingilia, inase misumari kabla haijafika kwenye nyundo. Mahindi nayo yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo chujio litaziba na lawama kuangukia mashine isiyo na hatia.

Kuna pia suala la uhai wa watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili, na sehemu hatari za mitambo zizingirwe. Mkanda ulio wazi unaweza kunasa leso, kanzu au mkono wa mtoto aliyetumwa kusagiwa unga. Kanuni za kelele za mwaka 2005 nazo haziruhusu mfanyakazi kukabiliwa na zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane, na kwa hivyo mwendeshaji anahitaji vizibo vya masikio. Vumbi la unga hudhuru mapafu, na likitanda hewani linaweza kulipuka likipata cheche. Sigara na taa ya kibatari hazina nafasi humo.

Mwisho, mizani ikaguliwe na maafisa wa vipimo, na leseni ya kaunti ipatikane kabla ya mlango kufunguliwa.

Mwenye kuharakisha huokoa wiki nne hivi za kusubiri zege na siku moja ya majaribio. Mkanda, beringi na mota zitakazoungua baadaye zitalipiwa kutoka kwa akiba ile ile iliyonunua mashine, na mkono utakaonaswa hautapatikana katika duka lolote la vipuri.