Diploma ya Uuguzi na Deni Lisilo na Karatasi

Mwanafunzi wa uuguzi wa Murara, mtaa wa komini ya Karisimbi jijini Goma, hana bodi ya mikopo ya kumdai. Kenya ina bodi ya namna hiyo, HELB, tangu 1995. Nchini Tanzania, bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa. Huku Goma deni ni la ukoo: mjomba aliyeuza shamba, mama aliyetoa zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, ili minervali, yaani ada ya masomo, ilipwe. Nalo halina tarehe ya kwisha.

Ngazi ya A2 ya uuguzi hupatikana sekondari. A1, katika chuo kama ISTM Goma, huongeza miaka mitatu, na A0 ya mfumo wa zamani miwili tena: miaka ya kulipa ada bila kuingiza kitu.

Mshahara je? Wauguzi wengi wa serikali hawamo katika orodha ya malipo. Huishi kwa primu, yaani posho, inayotoka kwenye ada za wagonjwa. Mashirika ya kigeni hulipa vizuri zaidi, ila kwa mikataba mifupi.

Mzazi, kabla ya kuuza kiwanja, waulize wahitimu wa juzi wanapokea nini mwisho wa mwezi.