Mpira Ukiisha, Mashabiki Watafikaje Nyumbani?

Jinsi mji unavyopanga usafiri wa mashindano makubwa, na kwa nini mpango huo unamhusu hata mkazi asiye na tiketi

Mnamo Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliteua Kenya, Uganda na Tanzania kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni mara ya kwanza mashindano hayo kukabidhiwa nchi tatu. Tangu siku hiyo, mazungumzo mengi yamehusu viwanja: nyasi, viti, taa na paa.

Lakini kabla ya kuketi, shabiki ni abiria. Atafika kwa matatu, basi, bodaboda, gari la kibinafsi au kwa miguu. Saa hizo hizo, kuna mkazi wa Mwiki anayerudi kutoka kazini, mfanyabiashara wa Githurai anayesafirisha mboga, na mama mjamzito anayehitaji kufika hospitalini. Wote wanatumia barabara zilezile. Mpango mzuri wa usafiri unawahesabu wote.

Kuja si sawa na kuondoka

Mashabiki hufika kidogo kidogo, kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya mechi. Kuondoka ni tofauti. Kipenga cha mwisho kikilia, maelfu husimama kwa wakati mmoja na kuelekea milangoni. Kwa hivyo wapangaji huanza na swali gumu zaidi: uwanja utatokaje watu?

Tuchukue Uwanja wa Taifa wa Nyayo, unaobeba watu wapatao 30,000. Ikiwa wote watapanda matatu za abiria 14, zitahitajika zaidi ya 2,100. Kwa mabasi ya abiria 50, yatatosha 600. Hiyo ndiyo sababu siku ya mechi magari makubwa hupewa nafasi ya kwanza.

Hata hivyo, mabasi peke yake hayatoshi. Steji yenye nafasi kumi za kupakia, kila basi likijaa kwa dakika tano, huondoa mabasi 120 kwa saa, yaani watu 6,000. Kwa steji moja, shabiki wa mwisho angengoja saa tano. Kwa steji tano za aina hiyo, zikiwa pande tofauti za uwanja, kazi ingekwisha kwa saa moja. Ndiyo maana abiria wa Rongai na wa Thika hawafai kuelekezwa mahali pamoja.

Nguzo nne za mpango

Kwanza, magari ya kibinafsi huzuiwa mbali. Maegesho hutengwa kilomita kadhaa kutoka uwanjani, na mashabiki humalizia safari kwa mabasi maalum. Gari likishakaribia lango, tayari limechelewa kuzuiwa, kwa kuwa limeziba njia ya basi.

Pili, timu, waamuzi na wahudumu hupewa njia yao. Timu isipofika kwa wakati, mechi haianzi. Njia hiyo huwekewa saa za kuanza na kuisha, ili wananchi wasifungiwe barabara kutwa nzima.

Tatu, miguu huhesabiwa kama usafiri. Shabiki anaweza kutembea kilomita moja au mbili hadi kwenye steji, mradi njia ni pana, ina taa, na haimlazimishi kukimbia katikati ya magari. Mechi za jioni huisha usiku. Taa moja ya barabarani iliyozima katika njia ya kwenda stejini ni hatari kwa watu wengi.

Nne, njia ya dharura haifungwi kwa sababu yoyote. Ambulansi na zimamoto lazima ziwe na njia ya kuingia na kutoka, na hospitali zilizo karibu zijulishwe mapema. Wakazi wa ndani ya eneo linalofungwa nao hupewa utaratibu wa kufika kwao.

Mafunzo kutoka kwetu na kwingineko

Nairobi imeshapata somo. Agosti 2025, Kasarani na Nyayo viliandaa mechi za mashindano ya CHAN, na fainali ilichezwa Kasarani tarehe 30 Agosti. Baada ya umati kuvunja taratibu za usalama uwanjani, CAF iliweka kikomo cha mashabiki 27,000 katika mechi ya Kenya na Zambia. Kuna funzo la usafiri humo pia. Asiye na tiketi asipogundulika hadi langoni, huwa ameshabebwa na basi, ameshajaza njia ya miguu, na hana pa kurudi kwa sababu nyuma yake kuna maelfu. Ukaguzi wa kwanza wa tiketi unafaa kufanywa mbali, penye nafasi ya kugeuka.

Mjini Atlanta, Marekani, wakati wa Olimpiki ya 1996, mabasi yalikuwepo. Lakini baadhi ya madereva walikuwa wametoka miji mingine na hawakuzijua njia. Walipotea, na baadhi ya wanamichezo walifika wakiwa wamechelewa. Dereva anahitaji kuifahamu njia yake kabla ya siku ya kwanza.

Sydney, Australia, ilifanya majaribio. Reli ya kwenda eneo la Olimpiki ya 2000 ilifunguliwa mwaka 1998, na ikajaribiwa na umati wa maonyesho makubwa ya kilimo mwaka huohuo. Makosa yalionekana miaka miwili kabla.

London, mwaka 2012, iliwapa wenye tiketi za michezo ya mjini humo kadi ya usafiri wa umma ya siku hiyo, na mashabiki wengi hawakuwa na maegesho uwanjani. Ujumbe ulikuwa mmoja: acha gari nyumbani, nauli yako imo kwenye tiketi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni Johannesburg. Mji huo ulizindua mabasi ya Rea Vaya tarehe 30 Agosti 2009, kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Wenye teksi ndogo, ambazo ni kama matatu zetu, walipinga kwa kuhofia riziki yao. Mazungumzo yalikuwa marefu, na hatimaye wengi wao wakawa wenye hisa katika kampuni inayoendesha mabasi hayo. Kombe la Dunia lilidumu mwezi mmoja, ila mabasi bado yanabeba wakazi wa Soweto kwenda kazini.

Nani anahusika na nini?

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi hizi. Kaunti husimamia barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma barabarani. Barabara kuu za kitaifa, kama ile ya Thika, ziko chini ya serikali kuu kupitia mamlaka ya KeNHA. Leseni za magari ya abiria hutolewa na NTSA. Polisi wa trafiki nao ni wa serikali kuu.

Hivyo, shabiki anayetoka mjini hadi Kasarani hupita mikononi mwa taasisi kadhaa katika safari moja ya matatu. Zisipokaa meza moja, pamoja na vyama vya matatu na bodaboda, kila moja inaweza kufanya kazi yake vizuri na bado abiria akakwama.

Maswali ambayo mkazi anafaa kuuliza

Katiba inampa mwananchi haki ya kushiriki katika maamuzi ya kaunti yake. Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa katika wadi yako, uliza:

• Barabara yetu itafungwa saa ngapi, na itafunguliwa saa ngapi?
• Mgonjwa atapitia wapi, na tumpigie nani simu?
• Steji yetu itahamishiwa wapi, na nauli itatangazwaje ili isipandishwe kiholela?
• Mama mboga na wachuuzi wa kando ya njia watapewa nafasi gani?
• Mtu anayetumia kiti cha magurudumu atafikaje uwanjani?
• Baada ya mashindano, ni taa, njia za miguu na steji zipi zitakazobaki?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Wageni watakaa wiki chache na kurudi makwao. Mkazi wa Kasarani ataamka kesho yake na kuelekea stejini kama kawaida. Akiikuta njia ya miguu iliyo salama na taa inayowaka, atajua mashindano yalipita pia kwa faida yake.