Butembo–Beni: Anayetaka kufundisha watu wazima ufinyanzi aanze na udongo, mashine ingojee

Mjini Butembo, udongo wa kufinyanga hauuzwi dukani. Uko mabondeni, kule vijana wanakofyatua matofali na kuyachoma kwa kuni za mikaratusi. Kinachopungua ni wafundishaji. Mabibi waliojua kutengeneza nyungu wamezeeka, na jikoni sufuria na bido za plastiki zimechukua nafasi ya mitungi.

Kinshasa kuna Académie des Beaux-Arts, yenye sehemu ya keramiki. Lakini mama wa miaka 40 aliyekimbia kijiji chake wilayani Beni hawezi kwenda kukaa huko miaka. Huyu anahitaji mafundisho ya majuma nane hivi, asubuhi mbili kwa juma, siku ambazo si za soko.

Somo la kwanza halihitaji hata meza. Mwanafunzi analowanisha udongo, anauviringisha kama kamba nene kama kalamu, kisha anauzungusha kwenye kidole. Ukikatika, una mchanga mwingi. Ukijikunja bila kupasuka, unafaa. Halafu anatengeneza kibao, anachora mstari wa sentimita 10 na kukiacha kikauke. Mstari ukibaki sentimita 9, udongo umepungua sehemu moja ya kumi, na hapo mtu ambaye hakumaliza shule amejifunza hesabu bila kuogopa ubao. Udongo unaopungua sana unachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa.

Mashine ya kuzungusha ingojee. Ni bei kali, na mwanzoni inakatisha tamaa. Magdalene Odundo, Mkenya ambaye kazi zake ziko katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alikwenda Abuja, Nigeria, miaka ya 1970 kujifunza kwa wanawake wanaojenga vyungu kwa mikono, na mpaka leo anajenga hivyo. Kwa hiyo bakuli la kufinya kwa dole gumba kwanza, kisha chungu cha kupandisha kamba juu ya kamba.

Kazi nyingi zinaharibikia kwenye moto. Butembo mvua haikai mbali, kwa hiyo vyungu vikae kivulini majuma mawili au zaidi. Maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke na kupasua chungu kwa kishindo (mwandishi wa habari hii alishapoteza bakuli lake la kwanza hivyo). Saa za mwanzo moto uwe mdogo. Baada ya kupita nyuzi 600 hivi, udongo haurudi tena kuwa tope.

Wengi wataulizia mbabula yenye udongo ndani, kama ile iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, maana inapunguza makala, na makala ya huku yanakula misitu mpaka ndani ya Virunga. Soko lipo kweli. Lakini udongo wa mbabula unataka vipimo kamili na uvumilie joto kila siku. Hiyo ni kazi ya mafundisho ya pili.

Beni, kilomita 54 kutoka Butembo, kuna shida nyingine. Tangu Oktoba 2014 raia wanauawa wakiwa mashambani, na kupeleka wanafunzi bondeni kuchimba ni kuwahatarisha. Udongo uchimbwe karibu na mji, mara moja kwa mafundisho yote, ufunikwe kwa plastiki ukiwa umelowa. Kukaa hakuuharibu, kunaufanya ulainike zaidi. Kwa Beni, basi, ghala hilo litangulie kabla ya kuandika majina ya wanafunzi.