Nirudishie Ile ya Zamani

Ukikaa kidogo kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Embulbul, kando ya Barabara ya Ngong kabla hujaingia Ngong mjini ukitokea Karen, huenda usichelewe kuisikia sentensi hii: "Nirudishie ile ya zamani." Anayeisema ameiwekea simu yake mfumo mpya kabla ya siku yake. Betri iliyokuwa ikimfikisha jioni sasa inakata saa nane mchana, programu ya benki imekataa kufunguka, au simu yenyewe imekwama kwenye logo: inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena, hivyo hivyo mpaka chaji iishe. Mwenyewe anadhani ameomba jambo dogo. Fundi anajua kwamba afadhali angeletewa kioo kilichopasuka.

Mfumo mpya wa simu hauwafikii watu wote siku moja. Una milango, na kila mlango una watu wake. Apple hutangaza iOS mpya mwezi wa Juni na siku hiyo hiyo hutoa beta ya wasanidi, yaani toleo la majaribio la wanaotengeneza programu. Beta ya umma hufuata kwa kawaida mwezi wa Julai, na toleo rasmi Septemba. Zamani beta ya wasanidi ilikuwa ya wanaolipa dola 99 kwa mwaka. Ilipokuja iOS 17, Juni 2023, mlango ukafunguliwa kwa yeyote mwenye akaunti ya Apple. Kwa maoni yangu ada ile ilifanya kazi ya uzio zaidi ya kuleta pato. Aliyelipa dola 99 alikuwa na sababu ya kulipa, na aghalabu alikuwa na simu ya pili. Siku hizi ni kugusa mistari michache kwenye mipangilio, na anayeigusa huenda ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeona madoido mapya ya skrini kwenye TikTok.

Kwa upande wa Android, Google ilikuwa na Developer Preview, ambayo mara ya kwanza ilibidi uipachike kwa kompyuta na waya. Julai 2025 ikaiweka kando na kuanzisha mkondo uitwao Canary, unaotoa vitu vibichi mwaka mzima, vingine visivyo na hakika ya kufika kwa umma. Baada ya hapo ndiyo inakuja Beta, ambayo Pixel, simu ya Google yenyewe, ikisajiliwa huipokea hewani kama sasisho jingine lolote. Na hapa wengi huchanganya mambo. Ule mchezo wa kugusa namba ya toleo mara saba mpaka simu ikuambie kwamba sasa wewe ni msanidi hauleti mfumo mpya hata kidogo. Unafungua ukurasa wa mipangilio iliyofichwa, basi.

Mbona toleo la majaribio huchosha simu? Kwanza, linaandika sana. Kila linalotokea ndani, programu kuanguka, mtandao kukatika, kihisi kuchelewa kujibu, huwekwa kwenye kumbukumbu ili wahandisi wapate cha kusoma, na uandishi huo unakula betri na kupasha simu moto. Pili, kazi ya kubana matumizi ya umeme aghalabu hukamilishwa mwishoni, baada ya mambo mapya kutulia. Tatu, programu za watu wengine, hasa za benki, zilijaribiwa kwenye mfumo wa jana. Nyingi hukagua kama simu inaaminika kabla ya kufunguka, na zikikuta mazingira zisiyoyajua hufunga mlango. Hilo si kosa lao. Mimi ningeitilia shaka benki isiyofanya hivyo.

Turudi kwa yule anayetaka ya zamani, kwa sababu ombi lake ndilo lenye sayansi yote.

Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu zinaweza kutengenezwa zikiwa na nafasi mbili za mfumo, A na B. Ni kama nyumba ya vyumba viwili: familia inalala cha kwanza huku cha pili kikipakwa rangi, kisha wanahamia. Sasisho huandikwa kwenye nafasi isiyotumika wakati wewe unaendelea na shughuli zako. Simu ikiwashwa upya hujaribu nafasi hiyo, na ikishindwa kuwaka hurudi kwenye ile ya awali. Kwa hiyo stima ikipotea na betri ikiisha katikati ya kazi, simu ya namna hii haifi. Lakini ulinzi huo ni wa mwanzo tu. Mfumo mpya ukishawaka na kuanza kutumika, unaanza kuipanga upya data yako kwa mtindo wake: hifadhidata za ujumbe, mipangilio, orodha za akaunti. Mfumo wa zamani hauwezi kusoma mpangilio huo, kwa kuwa ulitengenezwa kabla mpangilio haujabuniwa. Ndiyo maana Google humwambia wazi anayejitoa kwenye Beta kabla ya toleo rasmi kwamba simu itafutwa kila kitu. Picha ambazo hazikuhifadhiwa kwingine zimekwenda.

Kipo kipingamizi kingine, nacho kimewekwa makusudi. Simu hukagua sahihi ya kidijitali ya mfumo kabla ya kuukubali. iPhone inapowekewa iOS huomba idhini kutoka kwa seva za Apple, na Apple ikishaacha kutia sahihi toleo fulani, hakuna fundi, awe Embulbul au London, atakayelirudisha kwa njia halali. Wakati wa beta mlango wa kurudi kwenye toleo rasmi la sasa huwa bado uko wazi, ila unahitaji kompyuta na kufuta simu yote. Nakala uliyohifadhi ukiwa kwenye beta nayo haikubaliki kwenye toleo la nyuma, kwa hiyo asiyehifadhi nakala kabla ya kuingia anatoka mikono mitupu. Google ilifanya jambo la jinsi hiyo Agosti 2022: Pixel za familia ya 6 zikishapokea Android 13, hazikuweza tena kuwashwa na Android 12, kwa sababu programu ya zamani ya kuwashia simu ilikuwa na tundu la kiusalama. Kumruhusu mtu arudi nyuma kungekuwa pia kumruhusu mwizi amrudishe nyuma.

Yote haya yangekuwa shida za wapenda simu peke yao kama simu ingekuwa simu tu. Kenya simu ni pochi. M-Pesa ilianza Machi 2007 na leo ina wateja zaidi ya milioni 30 nchini. Kwa bahati nzuri, menyu yake ya awali inakaa kwenye laini, si kwenye mfumo wa simu, na ukipiga *334# unafika bila programu yoyote. Beta ikiua programu ya M-Pesa, laini bado itakuvusha. Lakini laini inategemea modemu, sehemu ya simu inayoongea na mnara, na modemu ina programu yake ndogo ambayo mara nyingi hubadilishwa pamoja na mfumo mpya. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Tarehe 24 Septemba 2014 dunia iliona inavyokuwa. Apple ilitoa iOS 8.0.1. Hiyo haikuwa beta, ilikuwa sasisho rasmi la kurekebisha kasoro ndogo ndogo. Simu za iPhone 6 na 6 Plus, zilizokuwa zimeanza kuuzwa siku 5 tu kabla, zilipolipokea zikapoteza mtandao wa simu, na kitambuzi cha alama za vidole kikaacha kufanya kazi. Kampuni ililiondoa baada ya saa moja na ushee, ikasema simu zilizoathirika hazikufika 40,000, na siku ya pili ikatoa iOS 8.0.2. Kwa mtu wa California hiyo ilikuwa adha ya mchana mmoja. Kwa mwenye kibanda cha mboga Embulbul, mchana usio na mtandao ni mchana usio na mauzo, kwa sababu mteja aliyefika na noti mkononi siku hizi ni wa kubahatisha.

Kasoro ya namna hiyo ndiyo inayofanya hata sasisho rasmi ligawiwe kwa mafungu. Mwaka 2013 mhandisi wa Android, Dan Morrill, alieleza utaratibu wa Google wakati ule: sasisho huanza kwa asilimia 1 ya simu kwa saa 24 hadi 48, wahandisi wakiangalia ni ngapi zimerudi hewani salama na makosa gani yameripotiwa, ndipo linaongezwa hadi asilimia 25, 50, na mwishowe zote. Anayelalamika kwamba jirani amepata naye bado hajapata hajasahaulika. Amekaa mahali salama kwenye foleni. Foleni hiyo ikirukwa, huwa hivi: tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro bila kuigawa kwa mafungu, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta za Windows milioni 8.5 zikaanguka.

Mpaka hapa ungedhani nasema beta ni ya kukimbiwa. La. Ninachokiona ni kwamba sisi tuko nje ya chumba ambamo makosa yanatafutwa, kisha tunayakuta sokoni. Angalia orodha ya nchi zilizopewa beta ya One UI 7, mfumo wa simu za Samsung, kuanzia Desemba 2024: Korea Kusini, Marekani, Ujerumani, Uingereza, India, Poland. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Pixel, ambayo ndiyo simu kuu ya majaribio ya Android, Google haiiuzi rasmi Kenya. Zinazoonekana mikononi mwa watu zimeagizwa au ni za mtumba. Sasa nani atagundua kwamba mfumo mpya unakata katikati kikao cha USSD, yaani menyu za namba kama *334#, au unaichanganya laini ya kazi na ya nyumbani kwenye simu ya laini mbili, au unaishiwa nguvu pale mtandao unapopanda na kushuka kati ya Kiserian na Magadi? Mjaribu wa Berlin hana haja ya USSD. Hawezi kuripoti asichokitumia.

Mlango uliwahi kufunguka kidogo. Mei 2019 Google ilipopanua majaribio ya Android Q, iliyotoka Septemba kwa jina la Android 10, kwenye orodha ya simu zilizoruhusiwa, pamoja na za OnePlus, Nokia na Huawei, ilikuwamo Tecno Spark 3 Pro, simu ya kawaida kabisa ya soko letu. Miaka iliyofuata baadhi ya simu za Tecno Camon nazo ziliingia. Lakini wenye simu za bei ya chini zaidi kwa kawaida hawana mlango wowote. Oktoba 2023 kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya kilizinduliwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela, kikianza na Neon Smarta ya shilingi 7,499 na Neon Ultra ya shilingi 8,999. Kuunganisha simu karibu na nyumbani ni hatua. Lakini mfumo wa simu hizo bado husafiri safari ndefu, kutoka Google hadi kwa mtengeneza chipu, hadi kwa mwenye chapa, na kila kituo kina ucheleweshaji wake.

Wanaoijua vizuri kiu ya kupata wajaribu ni vijana wetu wanaotengeneza programu. Tangu Novemba 2023 Google Play inamtaka mwenye akaunti mpya ya binafsi atafute watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuitoa kwa umma. Walikuwa 20, na Desemba 2024 wakapunguzwa hadi 12. Kuwapata marafiki 12 wa kusakinisha kitu ni rahisi. Kuwapata 12 wasiokichoka kabla ya wiki mbili kuisha ni kazi ya ualimu.

Nieleze kwa haraka mambo mawili yanayochanganywa na beta. GB WhatsApp si beta. Ni programu ya watu wasiojulikana iliyovaa nguo za WhatsApp. Na sasisho la usalama la kila mwezi si la kuogopwa. Google ilianza kulitoa Agosti 2015 baada ya kugunduliwa tundu la Stagefright, lililoweza kumwingiza mvamizi ndani ya simu kwa ujumbe wa picha tu. Sasisho hilo lipokee mara likija, hata kama litamaliza bando.

Beta iwekee simu isiyo na laini yako ya M-Pesa, uhifadhi nakala kwanza, na ukitaka kutoka bila kufutiwa, kwenye Pixel subiri toleo rasmi kisha ujiondoe kabla ya kukubali beta inayofuata, kwa maana beta za robo mwaka huja moja baada ya nyingine na wengi hunaswa hapo. Kisha fanya kile kilichokuingiza humo: ripoti. Pixel na iPhone za beta huja na programu ya kupelekea maoni. Weka ndani ya simu hiyo laini ya majaribio, andika ni ya mtandao gani, ulipiga namba gani, skrini ilionyesha nini, na mlikuwa wapi wewe na mnara. Kwa Kiswahili au Kiingereza, andika. Mhandisi aliye ng'ambo hatajua kwamba *334# imekwama Embulbul mpaka mtu wa Embulbul amwambie.