Nesi Ana Leseni, Hospitali Yataka Digrii

Katika matangazo ya kazi ya hospitali kubwa za Marekani kuna mstari mmoja ambao nesi mpya huutafuta kabla hata ya kuangalia mshahara. Mstari huo humtaka mwombaji awe na BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, au aahidi kuipata ndani ya miaka kadhaa tangu aajiriwe. Swali la digrii hiyo humsubiri kwenye fomu ya maombi ya intaneti. Akijaza kwamba hana, ombi lake laweza kuchujwa na programu kabla mtu yeyote hajalisoma.

Ajabu ni kwamba serikali haimtofautishi na wenzake. Aliyepitia chuo cha jamii na kupata cheti cha ADN, na aliyesoma miaka minne chuo kikuu, wote hufanya mtihani mmoja wa NCLEX-RN na kupewa leseni moja ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa. ADN huitwa kozi ya miaka miwili, ingawa ukijumlisha masomo ya utangulizi kama anatomia na mikrobiolojia huwa inakaribia mitatu. Wakiingia wodini saa moja jioni kwa zamu ya saa kumi na mbili, beji zao zina herufi zilezile, RN, na mgonjwa hana njia ya kujua nani katoka wapi. Hata malipo mara nyingi hupishana kwa dola moja au mbili tu kwa saa, na zipo hospitali zisizotofautisha kabisa. Kinachowatenganisha ni mlango wa kuingilia.

Jambo hili linawagusa wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko kule. Wakenya wa Minnesota, Massachusetts na Texas, na Wakongomani waliopewa makazi Kentucky na Maine, wengi wao wameingia sekta ya afya kwa ngazi ya chini kabisa: CNA, kazi ya kuosha, kulisha na kugeuza wazee vitandani. Kutoka hapo mtu husomea LPN, nesi msaidizi mwenye leseni, halafu RN, na huchagua chuo cha jamii kwa kuwa ada yake inalipika huku anapiga zamu na kutuma hela nyumbani. Hesabu yake haina kosa. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za 2023, mshahara wa kati wa RN ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, wakati wa LPN haukufika dola 60,000. Lakini akishapata leseni, anakuta wenye hospitali wameongeza kidato kingine juu ya ngazi.

Zamani gharama ya kumfundisha nesi ilikuwa ya hospitali yenyewe. Binti aliishi bweni la hospitali kwa miaka mitatu, akafanya kazi wodini kwa malipo kiduchu, akatoka na diploma. Ulikuwa unyonyaji, tusiupambe, ila hospitali ilijua inamlea mfanyakazi wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia manesi wakaadimika, ndipo Mildred Montag wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, akapendekeza kozi fupi vyuoni, na majaribio yakaanza mwaka 1952. Yeye alimkusudia nesi wa kiufundi, atakayefanya kazi chini ya nesi wa chuo kikuu. Wahitimu wake wakafanya mtihani wa RN kama wenzao, wakafaulu, wakapewa leseni ileile, na mpango wa madaraja mawili ukafa hapohapo.

Chama cha Wauguzi cha Marekani hakikuupenda mwelekeo huo. Mwaka 1965 kilitoa waraka wa kutaka nesi kamili awe na shahada, lakini majimbo hayakuufuata. North Dakota peke yake ndiyo iliyothubutu kuifanya shahada sharti la kisheria la kuanza kazi, mwaka 1987, na mwaka 2003 ikaachana nayo.

Pale sheria iliposhindwa, soko lilifaulu. Mdororo wa uchumi wa 2008 uliwafanya manesi wakongwe waahirishe kustaafu, na waliokuwa nyumbani wakarudi kazini baada ya wenzi wao kupoteza ajira. Ghafla hospitali zikawa na waombaji wa kuchagua. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikapendekeza asilimia 80 ya manesi wawe na shahada ifikapo 2020, wakati walikuwa nusu hivi. Kulikuwa pia na Magnet, nishani ya ubora ambayo hospitali huitundika langoni na kuitangaza kwa wateja. Magnet haimlazimishi nesi wa kawaida kuwa na BSN, bali tangu 2013 inawataka mameneja wote wa uuguzi wawe nayo, na hospitali inayoiwania hutazama sana asilimia ya wenye shahada. Mwenye ADN akawa mtu anayeshusha wastani. Ulipofika mwaka 2022, zaidi ya asilimia 70 ya manesi nchini humo walikuwa na shahada au zaidi.

Kisha ikaja korona, wodi zikafurika, na hospitali kadhaa zilizokuwa zimeshikilia sharti hilo zikalilegeza bila kelele. Sharti la digrii hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Hata hivyo, vichwa vya habari vya uhaba wa manesi haviwasaidii sana wapya. Anayetafutwa zaidi ni nesi mwenye uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Nesi mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola kumfundisha, na wengi huondoka mapema.

Hospitali zina ushahidi wa kutetea sharti hilo, na ni wa kweli. Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alionyesha mwaka 2003 kwamba wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa hupungua kwa asilimia 5. Mwaka 2014, katika jarida la Lancet, yeye na wenzake walipima hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya na kukuta upungufu wa asilimia 7. Lakini utafiti huohuo wa Ulaya una nusu ya pili ambayo wakurugenzi hawaitaji sana: kila nesi akiongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kifo hupanda kwa asilimia 7. California iliuwekea mzigo huo kikomo kwa sheria iliyoanza kutumika 2004. Kwingineko, Chama cha Hospitali cha Marekani kimepinga kanuni za namna hiyo. Nadhani sababu iko wazi: kupunguza wagonjwa kwa kila nesi kunalipiwa na hospitali, na digrii inalipiwa na nesi.

Kwa aliyekwisha kukwama, nafasi zipo kwenye nyumba za wazee, vituo vya kusafisha damu, magereza, na hospitali ndogo za vijijini. Si kazi za kudharauliwa. Kasoro yake ni kwamba nesi aliyekaa miaka miwili nyumba ya wazee anaweza kuambiwa na hospitali kuwa uzoefu wake si wa wodi. Wengi hujiunga na kozi za mtandaoni za kumtoa RN hadi BSN, zinazochukua mwaka mmoja au zaidi kidogo: utafiti, uongozi, afya ya jamii, takwimu. Mafunzo ya kitandani kwa mgonjwa ni machache, na wanaozisoma hulinung'unikia hilo.

Njia nafuu zaidi ingekuwa chuo cha jamii kutoa BSN chenyewe. Vyuo vya aina hiyo vya Florida vinafanya hivyo. California ilipitisha miswada ya majaribio mwaka 2024, gavana Gavin Newsom akaikataa. Kwingine sharti limerudi kwa njia ya sheria: New York tangu Desemba 2017 ina sheria inayowapa RN wapya miaka kumi kupata shahada, na wa kwanza watafikia ukomo mwishoni mwa muongo huu.

Hospitali nyingi husema zinasaidia ada. Hapo uliza kiasi gani, kwani nyingi huishia dola 5,250 kwa mwaka, kiwango ambacho sheria ya kodi ya Marekani inakisamehe kodi. Uliza pia kifungu cha kurejesha fedha. Mara nyingi mkataba humfunga nesi mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu, na akihamia hospitali yenye mshahara bora kabla ya hapo, anadaiwa ada yote aliyolipiwa.