Jiaozi kwa Samaki wa Ziwa Letu

Katika nchi ya Uchina kuna chakula kiitwacho jiaozi, nacho ni vifuko vidogo vya unga wa ngano vyenye kitoweo ndani, vichemshwavyo majini. Ni chakula cha kale sana. Huko Turpan, upande wa magharibi wa nchi hiyo, wachimbaji walivikuta makaburini, vimekauka kwa zaidi ya miaka 1,200, na umbo lao ni lile lile la leo. Watu wa kaskazini huvila hasa katika mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, na usiku ule jikoni hakuna mpishi mmoja. Babu, mama, wajomba na watoto huizunguka meza, huyu akikata madonge, yule akiyatandaza, mwingine akifunga.

Sababu yake aijua kila aliyejaribu. Kilo moja ya unga hutoa vifuko mia hivi, na kila kimoja hushikwa mara tatu kabla ya kufika chunguni. Mama akiachiwa kazi hiyo peke yake, wageni watalala na njaa.

Sisi tulikuwa saba, Jumamosi moja hapa Kalemie: walimu wanne, wake wa wawili wetu, na rafiki mmoja aliyesoma miaka kadhaa katika jimbo la Shandong. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Neno la kwanza lilihusu nyama. Wachina wengi hutia nguruwe, lakini mmoja wetu ni Mwislamu, nasi hatukutaka akae mezani akitutazama. Bahati njema, watu wa pwani ya Shandong hutia samaki wa bahari, wa jamaa ya nguru. Nasi ziwani tunaye mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke. Basi swali likaisha.

Unga wa ngano ulituletea swali jingine. Huku ziwani hatulimi ngano. Unga wake hutoka mbali, na mwingine huvuka maji kutoka Kigoma, ilipofika reli ya Dar es Salaam mwaka 1914. Mke wa mwenzetu akauliza kwa nini tusitumie muhogo, ambao kila nyumba inao kwa bukari. Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Ngano ina kitu kinachonata na kuvutika kama mpira, kiitwacho gluteni. Muhogo hauna hata chembe, kwa hiyo donge lake likitandazwa jembamba kwa maji baridi hupasuka. Lakini Wachina wa kusini, upande wa Guangzhou, hufanya vifuko vya kamba wa bahari kwa wanga wa ngano uliochanganywa na wanga wa muhogo. Huumwagia maji yanayotokota, nao huiva nusu na kushikamana, kisha ngozi yake hung'aa hata waweza kumwona kamba ndani. Hivyo muhogo ule ule uliotoka Brazil ukaletwa kwetu na Wareno katika karne ya 16, umefika mpaka meza ya Mchina! Tuliahidiana kuujaribu siku nyingine.

Kazi yenyewe yaenda hivi. Kilo ya unga hutiwa chumvi kidogo na nusu lita ya maji baridi, kidogo kidogo, kisha hukandwa mpaka donge liwe laini na lisigande mkononi. Hufunikwa kwa kitambaa kibichi nusu saa. Usiruke hapo, kwa maana donge lisilopumzika hujikunja kila ukilitandaza. Wakati huo kabichi hukatwakatwa, hutiwa chumvi, na baada ya robo saa hukamuliwa kwa nguvu, maana maji yake ndiyo yanayoharibu kifuko. Nyama ya samaki hukwanguliwa kwa kijiko, miiba yote huondolewa, nayo hukorogwa upande mmoja tu, ikiongezewa maji kijiko kwa kijiko, hata inate. Tangawizi, vitunguu vya majani na chumvi huingia mwisho, pamoja na ile kabichi.

Kutandaza ndiko kwenye ufundi. Tulitumia chupa tupu. Kila kidonge hugeuka duara dogo kama kiganja cha mtoto, jembamba ukingoni na nene katikati, ili kitako kisitoboke na mshono usiwe mzito. Kitoweo ni kijiko kimoja, hakizidi. Kisha kingo hukunjwa na kubanwa kwa vidole. Mwenzetu wa hesabu alifunga vyake vyote sawasawa kama askari mstarini. Vya mwenziwe wa historia vilifanana na viatu vya zamani, lakini havikufunguka hata kimoja.

Maji yakitokota juu ya mbabula, vifuko hutumbukizwa na kukorogwa taratibu visishike chini. Maji yakichemka tena, humwagiwa kikombe cha maji baridi, na hivyo mara tatu. Vikielea vimevimba, vimeiva. Huchovywa katika siki yenye pilipili.

Samaki wawili wakubwa walitulisha sisi saba na watoto waliotujia mlangoni. Nayo maji ya chunguni hayamwagwi, kwani Wachina huyanywa baada ya kula, na rafiki yetu aliyagawa vikombeni, kwanza kwa watoto.