Makachero Waliobaki Bila Ngao

Usiku wa Jumanne, tarehe 23 Septemba, 2014, shirika la televisheni la ABC la Marekani lilifungua mwaka wa pili wa mchezo wake wa makachero uitwao Agents of S.H.I.E.L.D. Sehemu hiyo ya kwanza ilipewa jina la Shadows, yaani Vivuli. Waliotazamia kuona tena ndege kubwa, maabara zing'aazo na maofisa wenye vitambulisho vya serikali walikuta mambo mengine kabisa: kikosi kidogo kilichojificha chini ya ardhi, kinachowindwa na jeshi la nchi yake chenyewe.

Msomaji asiyeujua mchezo huu yafaa aelezwe kidogo. Herufi za jina la shirika hilo la siri huunda neno la Kiingereza lenye maana ya ngao. Shirika lenyewe ni la kubuni. Lilizaliwa mwaka 1965 katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel, kwa kalamu za Stan Lee na Jack Kirby. Kazi yake ni kuwalinda wanadamu dhidi ya watu wenye nguvu zipitazo za kawaida, na vitu vya ajabu vilivyotoka mbali. Adui yake mkubwa huitwa Hydra, jina la joka la hadithi za Wayunani ambalo likikatwa kichwa kimoja huota viwili. Katika filamu ya Captain America: The Winter Soldier, iliyotolewa mwaka 2014, ilifichuka kwamba Hydra ilikuwa imejipenyeza ndani ya shirika lile tangu miaka mingi, hata katika vyeo vya juu. Kikulacho ki nguoni mwako. Shirika likavunjwa, na watumishi wake, waaminifu kwa wasaliti, wakahesabiwa wote kuwa wahalifu.

Hapo ndipo mwaka wa pili unapoanzia. Bwana Phil Coulson, anayechezwa na Clark Gregg, amepewa ukurugenzi wa shirika lisilokuwapo tena. Hana serikali nyuma yake, wala hana watu wa kutosha. Anao makachero wachache tu, na maficho.

Mchezo wenyewe haufunguki hapo, bali Austria mwaka 1945. Bibi Peggy Carter, ambaye huchezwa na Hayley Atwell, anaivamia ngome ya mwisho ya Hydra pamoja na askari wake na kumkamata mkuu wake, Werner Reinhardt. Vitu vya hatari vinatiwa katika masanduku ili vifichwe. Kimoja kati ya vitu hivyo ni jiwe la chuma lenye maandishi yasiyosomeka, ambalo humuua alishikaye. Dakika hizo chache zilitosha kuwatamanisha watazamaji. Januari 2015 bibi huyo alipewa mchezo wake mwenyewe katika kituo hicho hicho.

Miaka karibu sabini baadaye, jiwe hilo limo katika ghala la jeshi la Marekani, na Hydra inalitaka. Imemtuma Carl Creel, mtu ambaye mwili wake hugeuka kuwa kitu chochote anachokigusa: chuma, kioo, hata lami ya barabara. Kwa upande wake Coulson anataka kitu kingine kilicho katika ghala lilo hilo, nacho ni ndege yenye kifaa cha kuifanya isionekane. Watu wake wanavaa sare za jeshi zisizo zao na kuingia. Askari wa kweli anayetazama atatabasamu kuona jinsi walinzi wa lango walivyo wepesi wa kuridhika.

Tabasamu hilo halidumu. Bibi Isabelle Hartley, kachero wa zamani aliyerudi kazini, anakutana na Creel ghalani, na katika kujitetea analishika lile jiwe kwa mkono wake. Jiwe haliachiki. Nyama ya mkono inaanza kuwa nyeusi, na weusi unapanda. Mwenzake, Lance Hunter, Mwingereza aliyekuwa askari na sasa anafanya kazi kwa malipo, anampakia garini ili amkimbize hospitali. Coulson, aliyeko mbali na anayesikiliza kwa redio, anawaamuru wengine wasirudi nyuma: ndege lazima ichukuliwe.

Gari linakwenda peke yake usiku. Hartley mwenyewe anamwomba Hunter amkate mkono, naye anaukata. Kwa muda mfupi mtazamaji hudhani kwamba bibi huyu amepona. Kisha Creel anasimama katikati ya barabara, gari linamgonga na kupinduka, na Hartley anakufa pamoja na mwenzao mwingine garini. Creel analichukua jiwe na kwenda zake. Wazazi watazamao pamoja na watoto wadogo wajue kwamba tukio hili si la macho yao, ingawa kamera imeficha mengi.

Aliyemcheza Hartley ni Lucy Lawless wa New Zealand, ambaye dunia ilimjua kama Xena, mwanamke shujaa wa upanga, tangu mwaka 1995 hadi 2001. Kumleta mtu mashuhuri hivyo na kumuua usiku ule ule ni ujasiri wa watungaji, na pia ni hila: nani angedhani? Hata hivyo kilicho kizito zaidi ni amri ya Coulson. Mchezo haumhukumu, wala haumpi udhuru. Ndege imepatikana, watu wawili hawakurudi. Hunter amebaki barabarani na maiti za wenzake, na mwaka mzima uliofuata hakuwa mwepesi kumwamini mkubwa yeyote.

Kwa nini ndege ile ilihitajiwa hata watu wakafa? Jibu limo katika sura ya kijana Leo Fitz, fundi wa kikosi, anayechezwa kwa ustadi mkubwa na Iain De Caestecker. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, Grant Ward, mwenzao aliyekuwa jasusi wa Hydra, aliwatupa baharini Fitz na Bibi Jemma Simmons. Chini ya maji hewa ilimtosha mmoja tu, na Fitz akampa Simmons. Aliokolewa, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa muda mrefu mno. Sasa mikono yake inatetemeka, na maneno yanamponyoka: anakijua chombo anachokitaka, jina lake halimjii. Kifaa cha kuificha ndege, ambacho zamani angekiunda kwa siku chache, kimemshinda. Coulson anaiba asichoweza tena kutengenezewa.

Ward naye yumo humo humo, amefungwa katika chumba cha chini. Mazungumzo yake na binti Skye ni mafupi na ya baridi, na huenda ndiyo yaliyoandikwa vizuri kuliko yote baada ya yale ya Fitz.

Mchezo ulipoanza mwaka 2013, watu zaidi ya milioni 12 wa Marekani waliutazama usiku wa kwanza. Usiku huu wa mwaka wa pili walikuwa karibu milioni 6. Waliokimbia walikuwa na sababu, maana mwaka wa kwanza ulijikokota ukingoja ile filamu itoe siri yake. Waliobaki waliupata mchezo ulio bora mara mbili, na uliendelea hadi Agosti 2020 kwa jumla ya sehemu 136.

Sehemu hii ya Vivuli inafungwa na mshangao wa kijasusi: mkuu mpya wa Hydra ni yule yule Reinhardt wa mwaka 1945, na hajazeeka hata siku moja. Lakini kabla ya hapo kuna mshangao mwingine. Tangu mwanzo Fitz ameonekana akifanya kazi na Simmons kando yake, naye akimtuliza na kumsaidia kutafuta maneno. Kisha kamera inatazama kutoka upande wa wengine. Simmons alikwisha kuondoka makaoni siku nyingi. Fitz yuko peke yake mezani, akizungumza na mahali patupu, na wenzake wanamtazama wasijue la kufanya.